Anasoma "baba" palipoandikwa "dada"

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu mkoani Morogoro. Nina mwanafunzi mchangamfu, anayewashinda wenzake wote kwa kusimulia hadithi na anayefanya hesabu za kichwa bila shida, lakini akipewa kitabu husoma "baba" palipoandikwa "dada", na neno refu hulikisia kwa herufi zake mbili za mwanzo. Chati ya ba, be, bi, bo, bu anaiimba bila kukosea. Nikimwonyesha "bo" peke yake, hulazimika kuanza tena kutoka "ba". Mzazi wake anashauri arudie darasa la pili. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, hilo la chati ndilo lenye uzito kuliko yote uliyoeleza, kwa kuwa linaonyesha kwamba mtoto ameshika wimbo, hajashika herufi. Dalili hizo zinafanana na za disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao wa kuunganisha sauti za lugha na herufi zinazoziwakilisha, ugumu usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili, na ambao mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Barua moja haiwezi kulithibitisha jambo hilo, na ni vyema kwanza apimwe macho na masikio. Hata hivyo, huna haja ya kungoja cheti cha daktari ndipo uanze kumfundisha kwa njia inayomfaa.

Njia hiyo ni ufundishaji wa kusoma kwa mpangilio, ambao mizizi yake iko Marekani, ambako daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham waliushughulikia katika miaka ya 1930 kwa ajili ya watoto wanaosoma Kiingereza. Sisi tuna nafuu, maana herufi zetu hazibadilibadili sauti ovyo. Lakini nafuu hiyohiyo huficha tatizo: mtoto wetu mwenye disleksia aghalabu hufikia hatua ya kutamka maneno kwa usahihi, ila polepole mno, naye huhesabiwa kuwa mzembe.

Anza na masikio kabla ya macho. Mwambie atamke "kalamu", kisha alitamke neno hilo bila "ka"; akicheka kwa kusikia "Lamu", ujue ameanza kuvisikia vipande vya neno. Baada ya hapo fundisha irabu tano, halafu konsonanti moja moja, akiiandika kila herufi mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake, wala usiongeze mpya kabla ile ya jana haijatambulika papo hapo hata ikichanganywa na nyingine. Herufi b na d zisifundishwe katika wiki moja. B ikomae kwanza. Kila kipindi kimalizike kwa imla fupi ya maneno yenye herufi alizokwisha kujifunza tu, ili asipate mwanya wa kukisia.

Herufi m inataka subira ya pekee. Katika "mtoto" inasimama kama silabi kamili, m-to-to, ilhali katika "mbuzi" imeungana na b, mbu-zi. Wengi wetu hatukuwahi kuelezwa tofauti hiyo, tuliidaka tu kwa sikio, na mtoto huyu hataidaka hivyo. Hali ni hiyohiyo kwa "ngoma" na "ng'ombe". Maneno marefu nayo yavunjwe kwa kufuata maana, si silabi peke yake: "hatutawasomea" ni ha-tu-ta-wa-somea, na akishavizoea viambishi hivyo atavitambua katika vitenzi vingine vingi.

Kuhusu kurudia darasa, sikubaliani na mzazi. Akirudishwa akaimbishwa chati ileile, mwakani atakuwa anaiimba vizuri zaidi, basi. Mtengee dakika 20 kila siku, akiwa peke yake au na wenzake wawili watatu wenye shida kama yake, na katika majaribio ya masomo mengine umsomee maswali kwa sauti, maana hapo unapima maarifa yake, si usomaji. Na usimwite kusoma mbele ya darasa aya ambayo hukumpa siku iliyotangulia akaifanyie mazoezi.