Anko wa Gemu: "Hii siyo sauti ya Snake!"

*Anko, shikamoo. Nimekulia kwenye PS2 ya kaka yangu, Snake Eater, ile ya Metal Gear Solid, tulilimaliza mara nne. Majuzi nimenunua PS4 iliyotumika nikaanza na The Phantom Pain ya mwendelezo huohuo. Snake kufungua mdomo tu, nikadhani nimeuziwa diski mbovu. Rafiki yangu anasema wamemweka mcheza sinema. Kwa nini mtu auharibie mwendelezo wake mwenyewe kwa kukimbilia jina kubwa? Msomaji wako, Mbeya.*

Marahaba, mwanangu. Diski yako nzima, usimrudie muuzaji na ugomvi.

Zamani nilikuwa na kibanda cha gemu Tandika. PS2 mbili, televisheni za inchi 14, nusu saa shilingi mia mbili. Wateja wangu wengi walikuwa wa mpira. Lakini Jumapili asubuhi walikuja vijana watatu wa Snake, wanalipia saa tatu mfululizo. Kiingereza chao kiliishia kwenye salamu, ila sauti waliijua. Mmoja akitumwa soda kwa Mangi, anarudi anatangaza "zimekwisha" kwa ule mkwaruzo wa mtu aliyemeza mchanga, na wenzake wanagaragara chini kwa kicheko.

Mkwaruzo huo ni wa David Hayter. Kwa Kiingereza ndiye Snake tangu 1998, na kwenye Snake Eater ya 2004 alimwigiza Big Boss mwenyewe, yule Snake mkongwe. Kisha Juni 2013 Konami, kampuni yenye gemu, wakatangaza kwamba safari hii anayeongea ni Kiefer Sutherland, yule Jack Bauer wa tamthilia ya 24 tuliyekesha naye kwenye DVD za mtaani. Hideo Kojima, mtunzi wa gemu, alitoa sababu zake: hadithi iko mwaka 1984, shujaa anakaribia hamsini, na kamera sasa zinanasa uso wa mwigizaji pamoja na sauti, kwa hiyo alitaka mtu anayeweza kuubeba umri huo usoni na kooni.

Sababu ina mashiko. Ila kuna kitu kinachowasha mpaka leo: kwenye toleo la Kijapani, Akio Ōtsuka, ambaye naye ni Snake tangu 1998, aliachwa palepale. Shabiki wa Tokyo hakupokonywa kitu. Aliyepokonywa ni wewe na vijana wangu wa Tandika.

Sutherland mwenyewe simlaumu, maneno aliyopewa ameyatamka vizuri. Lawama yangu ni kwamba wamemwita msemaji halafu wakamnyima maneno. Utafika mahali Snake amepakiwa kwenye gari aina ya Jeep na adui yake, Skull Face. Adui anahutubia weee, anaeleza maisha yake yote, na Snake kakaa mbele yake kimya kama bibi harusi. Hotuba inaisha, wimbo unaingia, gari linaendelea kutikisika, bado kimya. Sehemu kubwa ya hadithi imepelekwa kwenye kanda za kaseti unazosikiliza mwenyewe huku uko juu ya farasi. Sasa mtu umemlilia Hayter miaka miwili, halafu mrithi wake haongei! Hapo ndipo mashabiki walipochoka.

Na sisi huku tusijifanye hatuelewi hasira hiyo. Enzi za Lufufu, mteja wa kibanda cha video aliuliza "kaitafsiri nani?" kabla hajauliza sinema inahusu nini. Kenya wanafanya vivyo hivyo kwa DJ Afro mpaka kesho. Filamu unakaa nayo saa mbili. Gemu kama hilo unakaa nalo saa hamsini, na yule mtu anaongea kila wewe unapobonyeza pedi, kwa hiyo sauti yake inakuwa nusu yako. Nyota anaweza kuuza gemu siku ya kwanza, hilo sibishi. Saa ya arobaini hukumbuki tena alicheza sinema gani, unasikia tu kama anakuchosha au la.

Konami walipolitoa upya Snake Eater, Agosti 2025, kwa jina la Delta, walirudisha rekodi za zamani, za Hayter yuleyule. Linataka PS5 lakini, kwa hiyo hiyo PS4 usiizoee sana.

*Salaam aleikum, anko. Mimi ni mchezaji wa Destiny 2, na kamanda Zavala ndiye niliyempenda kuliko wahusika wote. Lance Reddick, mwenye sauti yake, alipofariki nilikaa siku mbili bila kuwasha gemu. Sasa Zavala yuko na anaongea kwa koo la mtu mwingine. Kwani hawangemwacha apumzike na mwenyewe? Dada wa Mombasa.*

Waaleikum salaam, dada, na pole. Reddick alifariki tarehe 17 Machi 2023, na siku zile wachezaji walikwenda kule Tower, mahali pa kukutana ndani ya gemu, wakajipanga mbele ya Zavala wakampigia saluti. Niliingia na mimi. Watu hatujuani, wengine silaha za milioni mgongoni, wengine wameanza jana, wote tumesimama kama kwenye gwaride. Tulikuwa tunamuaga mtu aliyecheza gemu lenyewe kama sisi, na aliyekuwa akijirekodi nyumbani akisema maneno ya Zavala ili tu kuwafurahisha mashabiki.

Bungie, wenye gemu, walimpa kazi mwigizaji Keith David, wakatangaza Agosti 2023, na kwenye nyongeza ya The Final Shape ya Juni 2024 ndipo alipofanya kazi kubwa. Mimi namuunga mkono, kwa sababu moja: hakumwigiza Reddick. Sauti yake ni nzito zaidi, ameiacha iwe nzito. Angejaribu kumfanania, ningezima na mimi.

Tena gemu hili lina historia ndefu ya sauti, sijui kama ulikuwepo mwanzoni. Mwaka 2014, kwenye Destiny ya kwanza, yule roboti mdogo anayeruka begani, Ghost, aliongea kwa sauti ya Peter Dinklage. Nyota mkubwa wakati huo, hakuna asiyemjua. Kwenye majaribio ya Juni alikuwa na sentensi moja kuhusu mchawi aliyetoka mwezini, kaitamka kikavu kama anasoma risiti ya umeme. Watu walicheka mpaka sentensi ikaondolewa, na Bungie wenyewe wakaiuza kwenye fulana. Mwaka 2015, na nyongeza ya The Taken King, Dinklage akatolewa na Nolan North akarekodi upya maneno yake yote, hata ya zamani. Ukilipakua leo, ni kama Dinklage hakuwahi kuwepo.

North huyohuyo mwaka 2018 akapewa mhusika Cayde-6 badala ya Nathan Fillion, na kwenye nyongeza ya Forsaken ndipo Cayde anapouawa. Hebu fikiria: rafiki yako wa miaka minne anakata roho kwa sauti ya mtu mwingine! North ni fundi, alimfuata Fillion kwa karibu sana, na bado masikio yalikataa. Fillion alirudi 2024, kwenye The Final Shape hilohilo. Kama hujafika kwa Cayde, dada, maliza kwanza halafu uniandikie tena kuhusu Zavala.

*Anko, mume wangu anasema yule askari mla rushwa wa GTA San Andreas, Tenpenny, ni Samuel L. Jackson. Mimi nimesema ni mtu aliyemwiga. Tumewekeana dau la kuku mzima. Mama wawili, Morogoro.*

Ni Jackson mwenyewe, mama, mwaka 2004. Nimecheka kwa sababu kwenye kibanda changu tulibishana hivyohivyo, na televisheni ilikuwa chini kabisa kwa kuwa jirani alifungulia redio. CJ, yule unayemchezesha, ndiye hakuwa nyota wa sinema, ni rapa Young Maylay, na bado kila mtoto wa mtaa alimjua CJ kuliko Tenpenny. Hiyo haikuokoi. Kuku wa kienyeji au wa kisasa, hamkuandika, kwa hiyo mpe wa kisasa.