Msichana asisubiri kukamatwa ndipo asikilizwe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza kama wasichana wanaokinzana na sheria wanastahili huduma zao wenyewe, au kama haki ni watoto wote, wa kike na wa kiume, kuhudumiwa kwa namna moja. Ninajibu kama mtu aliyefanya kazi ya unasihi na wasichana hao kwa muda mrefu. Ndiyo, wanastahili huduma zao. Ila ninaongeza jambo ambalo swali halikuligusa, na kwangu ndilo zito zaidi: huduma hizo zisiwekwe ndani ya kuta za mahabusu, kiasi kwamba msichana hazipati mpaka awe amekamatwa.

Nianze na idadi, maana ndiyo kisingizio kinachotolewa kila mara. Utafiti wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto walionyimwa uhuru duniani, ulioongozwa na Manfred Nowak na kuwasilishwa mwaka 2019, ulikadiria kwamba watoto wasiopungua 410,000 hushikiliwa kila mwaka katika mahabusu na magereza. Asilimia 94 ya watoto wanaoshikiliwa kwa mambo ya jinai ni wavulana. Basi anayepanga bajeti humpanga mvulana. Jengo, ratiba, mafunzo ya ufundi, hata maswali ya fomu ya kumpokea mtoto, vyote vimeandaliwa kwa kumfikiria yeye. Msichana akija anatafutiwa pa kuwekwa. Mara anapelekwa mbali na kwao kwa sababu kituo cha wasichana ni kimoja tu. Mara anachanganywa na wanawake watu wazima. Mara anafungiwa chumbani saa nyingi, kwa kuwa yuko peke yake na hakuna mfanyakazi wa kike wa kumsimamia akitoka uani. Uchache wao ungefanya iwe rahisi kumhudumia kila mmoja vizuri. Badala yake umegeuzwa kuwa sababu ya kutowahudumia.

Tazama pia wanafikaje huko. Wasichana nao huiba, hupigana, hubeba dawa za kulevya. Sisemi kwamba hawana makosa. Lakini yapo mambo yanayowaandama wao kwa namna ya pekee: kutoroka nyumbani, kuonekana nje usiku, kuwa na “tabia mbaya”, kuwakaidi wazazi. Mtu mzima akifanya hayo hakamatwi. Miongozo ya Riyadh ya mwaka 1990, ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuia uhalifu wa vijana, ilisema wazi kwamba jambo lisilo kosa kwa mtu mzima lisihesabiwe kosa kwa kijana, na Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ikasisitiza tena mwaka 2019. Bado sehemu nyingi mvulana akirudi saa sita usiku anafokewa, na dada yake akirudi saa hiyohiyo anapelekwa polisi.

Marekani ni mfano mzuri wa jinsi sheria njema inavyoweza kuzungukwa. Sheria yao ya mwaka 1974 kuhusu haki kwa watoto iliyataka majimbo yanayopokea fedha za serikali kuu yaache kuwafungia watoto kwa makosa ya aina hiyo. Mwaka 1980 ikaongezwa nafasi ndogo: kama hakimu alishamwamuru mtoto asitoroke, naye akatoroka, anaweza kufungiwa, kwa kuwa sasa anahesabiwa kuwa amevunja amri ya mahakama. Fuata mantiki hiyo hadi mwisho. Msichana anayeingiliwa na mtu wa nyumbani kwao anatoroka. Anakamatwa, anarudishwa kwa amri kwenye nyumba ileile. Anatoroka tena, na safari hii anaingia mahabusu. Karatasi zote zimejazwa sawasawa, na katika safari yote hiyo hakuna aliyemuuliza anamkimbia nani.

Hilo swali ndilo huduma ya kwanza. Gharama yake ni ndogo, lakini linahitaji ufundi. Haliulizwi mapokezini mlango ukiwa wazi, na askari aliyemkamata amesimama pembeni. Haliulizwi mbele ya mzazi au mlezi, maana huenda jibu limekaa kiti cha pili. Na haliulizwi mara moja tu likafungwa. Wasichana niliowahudumia mara nyingi walijibu “hamna kitu” mwanzoni, na walikuwa na haki ya kujibu hivyo kwa mtu wasiyemjua. Anayeuliza awe mwanamke aliyefunzwa, arudi tena siku nyingine, awe ndiye yuleyule, na aseme mapema kabisa nini atalazimika kukiripoti na nini kitabaki kati yao. Nimeona kazi ya wiki nyingi ikiharibika kwa sababu mtoto aliahidiwa siri ambayo sheria haikuruhusu kuitunza.

Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010 kwa ajili ya wanawake na wasichana walio vifungoni, zimeliona hili. Zinasema mfungwa akibainika kuwa alifanyiwa ukatili wa kingono aelezwe haki yake ya kushitaki, na awe amechagua kushitaki au hapana, apatiwe mapema msaada wa kisaikolojia. Naipenda sana hiyo sehemu ya pili. Maumivu ya mtoto hayasubiri kesi. Mahali pengi unasihi hutolewa kama fadhila kwa anayekubali kutoa ushahidi. Asiyekubali anaachwa hivihivi.

Kuna jambo jingine ambalo wasiokaa na wasichana hawa hawalioni. Mtoto aliyewahi kushikwa kwa nguvu, siku ya kwanza tu anaambiwa avue nguo apekuliwe. Anapiga kelele, anasukuma, pengine anamng’ata aliyemshika. Anaandikwa mkorofi. Anapelekwa chumba cha peke yake ili atulie, na huko gizani, mlango ukiwa umefungwa kwa nje, linamrudia lilelile lililomfanya atoroke kwao. Kesho yake yuko vibaya zaidi, na faili lake linanenepa. Hilo silo jeuri, ni kiwewe, na namna ya kulishughulikia inajulikana: mpekuaji awe mwanamke, aeleze kila hatua kabla ya kumgusa, nguo zisivuliwe pale ambapo kifaa cha ukaguzi kinatosha, na mtoto akianza kutetemeka kazi isimame. Kuhusu chumba cha peke yake, Kanuni za Havana za mwaka 1990, za Umoja wa Mataifa kuhusu watoto walionyimwa uhuru, zilikwishakataza kumwadhibu mtoto kwa kumtenga hivyo. Wafanyakazi wengi hawajawahi kuzisoma. Siwalaumu hao walio zamu. Namlaumu anayewaajiri akawapa funguo bila mafunzo.

Afya ya mwili inafuata palepale. Msichana mdogo kuomba pedi kwa mlinzi wa kiume, mojamoja, akiulizwa “ile ya asubuhi imekwenda wapi?”, ni fedheha ambayo sioni sababu yoyote ya kuivumilia. Kanuni za Bangkok zinataka taulo za kike zitolewe bure, na maji yawepo wakati wote kwa walio katika hedhi. Ziwekwe bafuni, kila anayehitaji achukue. Kwa wasichana wadogo kanuni hizo zinataja pia elimu ya afya ya wanawake, kuonana na daktari wa magonjwa ya wanawake mara kwa mara, na ushauri kwa waliodhulumiwa kingono. Aliye mjamzito afuatiliwe na mtaalamu, kwa sababu umri wake mdogo unamweka katika hatari kubwa zaidi wakati wa ujauzito. Pingu zisitumike kabisa wakati wa uchungu, wa kujifungua na mara baada ya hapo. Kwamba sharti hilo la mwisho lilihitaji kuandikwa linasema mengi. Marekani nayo iliweka mipaka ya namna hiyo kwa matumizi ya pingu mwaka 2018 ilipoirekebisha sheria ile ya 1974.

Kuhusu mafunzo ya ufundi nitasema kwa kifupi: wapewe wanayochagua. Kushona na kusuka ni kazi za heshima, lakini zikiwa ndizo pekee huku wavulana wakifundishwa umeme na uchomeleaji, huo ni ubaguzi.

Sasa nirudi kwenye lile nililosema ni zito. Wapo watu wenye nia njema wanaosema: tujenge kituo kizuri cha wasichana, chenye mnasihi, daktari, shule na bustani. Mimi pia niliwahi kuvutiwa na ndoto hiyo, na palipo na kituo kibovu kinachoendelea kutumika siwezi kusema kisitengenezwe. Lakini angalia kinachotokea mtaani. Hakimu ana mbele yake msichana wa miaka 14 aliyetoroka, hana pa kulala, anatumiwa na mwanaume mtu mzima. Hakuna nyumba salama wala mnasihi wa bure nje. Kuna kituo kile kizuri, na kinafikika kwa amri ya kumshikilia tu. Hakimu anaandika amri, roho ikiwa safi, akiamini amemwokoa. Mvulana mwenye kosa lilelile anarudi nyumbani. Msichana anafungiwa kwa sababu ya shida zake, si kwa uzito wa alichofanya. Na rekodi anayotoka nayo haielezi kwamba alifungiwa ili alindwe.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema kumnyima mtoto uhuru kuwe hatua ya mwisho, na kwa muda mfupi kabisa unaofaa. Hauongezi “isipokuwa kama ndani kuna huduma nzuri”. Kanuni za Bangkok nazo zinataka udhaifu wa wasichana kutokana na jinsia yao uzingatiwe wakati wa kuamua hatma yao, na zinaliweka hilo pamoja na agizo la kuepuka kuwapeleka vifungoni. Maana yake ni kwamba kudhulumiwa kwake kunapaswa kuwa sababu ya kumwacha huru.

Hili linawezekana. Hawaii, jimbo la Marekani, ilianzisha mahakama maalumu ya wasichana mwaka 2004, yenye msichana, familia yake, afisa uangalizi na washauri wanaokutana na hakimu yuleyule mara kwa mara. Mwaka 2014 ikapunguza kisheria makosa yanayoweza kumpeleka kijana kifungoni, na fedha zaidi zikaelekezwa kwenye huduma za nje. Mwaka 2022 kituo pekee cha jimbo hilo cha vijana waliohukumiwa kilibaki bila msichana hata mmoja. Wasichana wa Hawaii hawakuacha ghafla kuwa na matatizo. Walikuwa wanapokelewa mahali pengine.

Najua msomaji mmoja atauliza: na wavulana waliodhulumiwa je? Ni swali la haki na sitaki lipuuzwe. Wavulana hubakwa pia, na wengi wao hawasemi kabisa kwa kuwa wamefundishwa kwamba mwanamume halii. Kila nilichokieleza juu ya namna ya kuuliza na ya kupekua kinawafaa na wao. Lakini mvulana mwenye kiwewe yumo ndani ya mfumo uliojengwa kwa ajili yake ambao haukumsikiliza. Msichana yumo ndani ya mfumo ambao haukumfikiria tangu mwanzo. Kumpa kila mmoja kitu kilekile hakutawatendea haki wote wawili.

Kwa hiyo mkiniuliza fedha zianzie wapi, sitasema jengo. Nitasema nyumba salama ya usiku ambayo msichana anagonga mwenyewe saa nane, bila barua ya mahakama, akafunguliwa. Nitasema mnasihi mmoja anayebaki naye kuanzia siku ya kwanza polisi, mahakamani, na miezi kadhaa baada ya kesi kwisha, kwa sababu kubadilishiwa mtu kila hatua humfanya asimulie upya jambo ambalo kulisimulia mara moja tu kulimchosha. Nitasema wakili anayekutana naye kabla ya siku ya kesi, pasipo haraka ya kwenye korido.

Na nitasema shule. Wengi hupoteza mwaka si kwa kushindwa masomo bali kwa kukosa mtu wa kufuatilia uhamisho na cheti. Mkuu wa shule aandikiwe mapema, binti akiwa bado hajaachiwa. Barua itaje darasa lake na siku atakayoripoti, isitaje kosa. Kama amejifungua, mpango wa nani atabaki na mtoto saa za masomo uwe umekubaliwa na watu wenye majina na simu, siyo “familia itasaidia”. Afisa ustawi wa jamii amtembelee wiki ile ya kwanza, na kama nyumbani hapajawa salama, asirudishwe huko hata kama ndiyo anwani iliyoandikwa kwenye faili.