Kuku wa watoto ameugua ghafla, na maji ya kumnyonyoa yako jikoni

SWALI: Daktari, habari ya kazi? Nina kuku mmoja tu, kishingo, anaitwa Nyakisumu. Mwewe aliwamaliza wenzake akiwa kifaranga, watoto wakamlea, na hadi leo analala jikoni ndani ya karai kuukuu. Si wa kuuza wala wa kuchinjwa. Jana alitaga vizuri. Leo asubuhi amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, macho yanafumba, mahindi hayagusi. Kila baada ya muda anairefusha shingo na kuizungusha kama mtu aliyekwamwa na tonge la ugali. Kinyesi ni kidogo, cha majimaji, kijani. Jirani anasema nimnyweshe pilipili na mshubiri. Agroveti wameniuzia antibiotiki, tetrasaiklini, bila hata kuniuliza anaumwa nini. Mama mkwe yuko hapa kututembelea na ameshabandika maji. Anasema kuku hasubiriwi afe. Mimi ni msusi, wateja nawasukia hapa hapa uani, na watoto wanatoka shule saa kumi. Nifanye nini kabla hawajafika?
— Msusi, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Msusi, nilikujibu kwa simu mchana ule ule, lakini naandika hapa kwa urefu kwa sababu kuku wa aina ya Nyakisumu wapo katika nyumba nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Maji yale mpikie mama mkwe chai. Mwambie kwa heshima kwamba daktari mwenyewe ni mtu wa Kakamega, mahali ambapo mgeni asipowekewa kuku hajapokewa, na firigisi ina mwenyewe mezani. Kwa hiyo simwonei kuku huruma ya mjini. Ila kuku anayeumwa ugonjwa usiojulikana haliwi, haupelekwi mzoga wake kwa mbwa, wala yeye mwenyewe hapelekwi sokoni upesi upesi kabla hajafa. Kama ni Newcastle, ule ugonjwa ambao wengine huuita kideri, manyoya na matumbo yakitupwa uani ndiyo yanayoupeleka kwa jirani.

Najua ni kinyesi cha kijani kilichokutisha, maana kila mtu amesikia kwamba kijani ni Newcastle. Si lazima. Kuku asiyekula hutoa kinyesi cha kijani kwa sababu nyongo inapita bila chakula. Kwenye Newcastle utaona zaidi ya hapo: anahema mdomo wazi, mabawa yanalegea, miguu inakataa, shingo inapinda na kubaki imepinda. Na mara nyingi haumwi mmoja. Utasikia plot ya pili na ya tatu wanazika. Wako anairefusha shingo kisha inarudi. Huyo anajaribu kushusha kitu.

Ndiyo maana nilikuomba uweke chupa ya dawa kando utumie vidole. Mpakate kuku, mabawa uyabane taratibu, kisha upapase gole lake, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua chake. Kuku mzima akiamka asubuhi gole huwa tupu, karibu hulipati, kwa sababu chakula cha jana kimeshuka usiku. Ukikuta donge gumu ilhali hajala chochote tangu jana, gole limeziba. Ukikuta limejaa maji, linachezacheza, na mdomo unanuka uchachu, hapo gole limechacha kwa fangasi wa jamii ya hamira na tiba yake ni nyingine. Kwa vyovyote vile usimning'inize kichwa chini ili atapike, nimeona video za watu wakifanya hivyo. Majimaji yakiingia kwenye bomba la hewa anakufa mikononi mwako. Pilipili ya kumiminiwa mdomoni ina hatari hiyo hiyo.

Papasa pia tumboni, kati ya miguu na njia ya haja. Yai huchukua kama saa 25 kutengenezwa, kwa hiyo aliyetaga jana anaweza leo akawa amekwama na jingine. Huyo husimama wima, mkia chini, anakamua bila kutoa kitu. Aketishwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yamfike tumboni, kama dakika 20, halafu akaushwe na aachwe mahali penye giza.

Lakini maneno yaliyonisimamisha katika barua yako ni haya: nawasukia uani. Kuku hudonoa chochote chenye umbo la mnyoo au jani refu, na vipande vya nywele bandia vimo. Nywele hizo ni plastiki. Firigisi haizisagi, zinajifunga na nyasi gole likaziba. Ulinipigia jioni ukasema donge lipo na halibonyei. Gole lililozibwa na nyasi peke yake mara nyingine hulegea ukimnyima chakula, ukamwachia maji, ukampa matone machache ya mafuta ya kupikia pembeni mwa mdomo na kulikanda polepole mara kadhaa kwa siku. Plastiki hailegezwi na mafuta. Ndiyo sababu nilikwambia usipoteze usiku mwingine.

Daktari wa mifugo aliyemfungua alimtia ganzi, akachana ngozi kidogo na gole lenyewe, akatoa fundo la nyasi na nywele nyeusi na zambarau, akashona gole kwanza, ngozi baadaye. Si upasuaji mkubwa kwa mwenye mkono wa kazi hiyo, ila usimwachie kila mwenye sindano. Mtaalamu wa mifugo anatakiwa awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na unayo haki ya kumwomba cheti. Usipojua pa kuanzia, uliza ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako.

Sasa mpe uji mzito kidogo na pumba zilizolowekwa, kwa vipimo vidogo, mpaka mshono ukauke. Mahindi makavu asubiri. Tetrasaiklini irudishe kama haijafunguliwa: haifungui gole, haiui virusi kama vya Newcastle, na kuku akipewa, mayai yake hayaliwi kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kama daktari amempa dawa nyingine baada ya kumshona, muulize mayai yasubiri siku ngapi.

Jikoni sikubaliani nawe. Kuku mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na watoto wanaombusu mdomo wanaila. Karai lihamie stoo, mikono inawe kwa sabuni. Nywele zifagiliwe kila mteja anapoinuka, si jioni.

Akishapona achanjwe Newcastle, tone moja jichoni, kisha kila miezi mitatu. Chupa moja ni ya kuku wengi na ikishachanganywa haikai, kwa hiyo kusanya majirani wenye kuku siku moja mchangie. Yule wa pilipili pia.

SWALI: Daktari, jogoo wangu ametokwa na vipele vyeusi kwenye upanga na karibu na jicho. Anakula vizuri. Nimchinje?
— Mfugaji, Bahati, Nakuru

JIBU: Usimchinje. Hiyo inafanana na ndui ya kuku, ambayo husambazwa sana na mbu, hasa mvua zinapozidi. Haina dawa ya kuua virusi vyake, lakini anayekula kwa kawaida hupona baada ya wiki chache. Osha jicho kwa maji safi yenye chumvi kidogo lisije likafunga, na vigaga usivibandue. Mwaga maji yaliyotuama karibu na banda. Mfungue mdomo umwangalie: ukiona utando wa manjano ulimini au kooni, mpeleke kwa daktari leo, maana huo humziba pumzi. Wengine ambao bado hawajaugua wachanjwe kwenye ngozi ya bawa.