Kabla Hujamwita Dereva Wako Mwizi

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji mmoja wa Dodoma. Ana bajaji mbili na amefukuza madereva mpaka amechoka. Mmoja alikuwa haleti hesabu, ile pesa ya siku waliyopatana, kwa wakati, mwingine alirudisha chombo tairi zimekwisha, na wa mwisho akabainika anamwachia deiwaka, dereva wa kumshikia, kila ikifika saa nane mchana, yeye anakwenda kulala. Akamaliza hivi: "Kaka, hivi dereva mwaminifu siku hizi anapatikana wapi?"

Swali hili nimelijibu faraghani mara nyingi. Leo nalijibu hapa hapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna chombo barabarani, au mnajinyima mkinunue. Dereva mwaminifu anatengenezwa na mkataba unaomwandikia. Ukimwandikia mkataba wa kukuibia, atakuibia, hata awe mtoto wa shehe au wa mchungaji. Na haya sikuyasoma mahali, yamenipitia mwilini.

Kabla ya biashara nilikuwa afisa mikopo kwenye taasisi moja ya fedha. Jina nalihifadhi. Kazi yetu ilikuwa kuunda vikundi vya akina mama wa sokoni, kuwakopesha, kisha kukusanya marejesho kila wiki. Bonasi ya mwezi ilipigwa kwa jambo moja tu: wateja wapya. Pale ofisini palikuwa na ubao mweupe wenye majina yetu na idadi ya wateja, na kila Ijumaa meneja aliufuta na kuandika upya mbele ya watu wote. Habari za marejesho zilikaa kwenye kompyuta ya mhasibu. Huko hakuna aliyepiga jicho.

Mimi nilikuwa natembelea. Mama akisema anauza dagaa, nakwenda mpaka mezani kwake, nawaona hao dagaa kwa macho yangu, namuuliza na jirani yake wa meza ya pili kama kweli mama huyu anafungua kila siku. Wiki inaisha nina kikundi kimoja. Mwenzangu mmoja alikuwa na njia ya mkato: anakaa kwa balozi wa nyumba kumi, anaorodhesha majina, anapiga picha vitambulisho, jioni ana vikundi vitatu. Vingine vilikuwa vikundi hewa kabisa, wanachama watano na simu zote anapokea mtu mmoja. Ofisi nzima ilijua. Meneja alijua pia, ila bonasi yake ilitokana na za kwetu, kwa hiyo alijua akanyamaza.

Mwisho wa mwaka tukafanyiwa hafla, pilau na soda. Mwenzangu akaitwa mbele, mfanyakazi bora, akakabidhiwa jokofu. Wiki hiyo hiyo mimi nikakabidhiwa barua ya onyo kwa "utendaji usioridhisha". Barua ninayo mpaka leo, ipo kwenye faili moja na vyeti vyangu. Haukupita muda mikopo chechefu, ile isiyolipika, ikafumuka, ikabidi watafutwe watu wa kuingia mitaani kusaka wadaiwa ambao hawajawahi kuzaliwa. Wakatumwa akina nani? Sisi tuliokuwa tunaijua mitaa. Jokofu halikurudi.

Kwa muda mrefu nilimwita yule bwana mwizi, na sisemi hakuwa mwizi. Lakini leo nikimkumbuka, nakumbuka zaidi ule ubao. Ubao ndio uliokuwa unatoa amri pale ofisini. Maneno ya "tuwajali wateja wetu" yaliyobandikwa mapokezi yalikuwa mapambo.

Msidhani ni udogo wa taasisi zetu. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani, yenye wanasheria na wakaguzi wa kila aina, ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake walifungua akaunti zilizokadiriwa kufikia milioni 2 bila ridhaa ya wateja. Walikuwa wamebanwa na malengo ya mauzo: kila mteja auziwe huduma nyingi kadiri inavyowezekana. Wafanyakazi wapatao 5,300 walifukuzwa. Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikasema kumbe na wenzetu wana ule ubao.

Niliacha kazi. Miaka ya katikati naiacha, haina la kufundisha zaidi ya njaa. Baadaye nikanunua pikipiki ya kwanza, ndipo ubao ukanirudia kichwani.

Wengi tunatoa pikipiki kwa hesabu. Kijana analeta kiasi mlichopatana kila siku, kinachobaki chake. Sasa hebu kaa wewe kwenye kile kiti. Oili imefikia kumwagwa. Ukiahirisha wiki mbili, injini itakayokufa ni ya nani? Ya tajiri, mwenye chombo. Na pesa ya oili iliyobaki mfukoni ni ya nani? Yako. Unafikiri utamwaga oili? Mimi nisingemwaga. Ndiyo maana pikipiki ya hesabu ndani ya mwaka mmoja inalia kama mashine ya kusaga, na tajiri analaumu vijana wa siku hizi.

Mimi nilianza na mkataba. Kijana analeta kwa wiki, na akimaliza muda tuliokubaliana tunakwenda kubadilisha kadi ya umiliki, chombo kinakuwa chake. Asubuhi moja nilipita kijiweni bila taarifa nikamkuta kijana wangu amechuchumaa, anasugua cheni kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, jino moja moja. Mimi mwenye chombo sijawahi kuifanyia pikipiki heshima ile. Kiti alikishonea kava, taa ya nyuma alibadilisha kwa pesa yake wala hakunipigia simu. Nilikuwa sijamhubiria chochote. Anatunza mali yake, basi.

Mwezi uliopita amemaliza. Kadi imesoma jina lake, mama yake kanipigia simu analia. Nimejisikia vizuri, sifichi. Tangu nianze utaratibu huu sijawahi kusimama kijiweni kumvizia mtu anipe hesabu, na wenzangu wenye pikipiki nyingi kuliko mimi wanashinda huko.

Ila mkataba nao una sumu yake, msije mkasema sikuwaambia. Ukipandisha marejesho ya wiki kupita kiasi, kijana atapakia mishikaki, abiria zaidi ya mmoja kwa mpigo, atakesha barabarani, atapita taa nyekundu, kwa sababu akikosa wiki chombo kinamponyoka na pesa alizokwisha kuleta zinapotea. Kwa hiyo mimi mkataba wangu una wiki za msamaha, na akiugua au chombo kikilala gereji kwa ajali, siku zile zinasogezwa mbele. Wenzangu wananiona mjinga. Wenzangu hao hao ndio wanaokwenda mochwari kuwatambua vijana wao.

Ukitaka kuona jambo hili bila kunisikiliza mimi, kasimame kituo chochote cha daladala Dar es Salaam saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Konda kaziba mlango kwa mkono, "wanafunzi wawili tu!" Watoto wa shule wamejaa kituoni na mabegi yao, gari lina nafasi. Tunamwita konda katili. Lakini nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na tajiri akidai hesabu jioni hamuulizi alipakia wanafunzi wangapi. Huyo konda huenda na wa kwake kaachwa kituo kingine na konda mwenzake. Tunapenda kusema mbuzi hula urefu wa kamba yake, na tukisema hivyo tunamsema mbuzi. Aliyeikata kamba na kuipima yuko kivulini anakunywa chai.

Serikali nazo zinaingia humu humu. Mwaka 1902 watawala wa Kifaransa kule Hanoi walitaka kumaliza panya, wakatangaza kulipa kwa kila mkia. Mikia ikaja kwa maelfu. Baadaye maofisa wakaanza kuona panya wanakimbia mjini wakiwa hawana mikia: watu walikata mkia wakamwachia panya akazae wengine. Wengine walikuwa wanawafuga kabisa. Kwetu hapa, shule zilikuwa zinashindania kumi bora ya mitihani ya taifa, na kuna shule zilichuja watoto "wazito", wakakaririshwa darasa au kuhamishiwa pengine wasije wakaharibu wastani. Tuliokuwa na watoto huko tunajua. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, na mimi niliwapigia makofi.

Halafu kuna risiti. Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, wimbo huo tunaujua wote, na mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zipo tangu 2010. Nenda duka la vifaa vya ujenzi uulize bei ya nondo. Muuzaji atakuuliza kwanza: "Na risiti au bila risiti?" Bila risiti ni nafuu. Sasa mnunuzi aidai kwa faida gani, uzalendo mtupu? Taiwan walilitazama suala hili mwaka 1951 wakaifanya risiti kuwa tiketi ya bahati nasibu. Mnunuzi mwenyewe akawa mkaguzi, anaing'ang'ania risiti yake, na serikali haikuhitaji kumwekea mtu kila dukani.

Lakini msiondoke hapa mkidhani pesa inatibu kila kitu. Shirika la Twaweza waliwahi kufanya jaribio hapa Tanzania mwaka 2013 na 2014, lililoitwa KiuFunza, katika shule za msingi 350. Baadhi zilipewa ruzuku ya vifaa tu. Nyingine, walimu waliahidiwa malipo kwa kila mtoto anayefaulu kusoma na kuhesabu. Nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha ufaulu. Motisha peke yake matokeo yake hayakueleweka vizuri. Zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda waziwazi. Kwa hiyo ukimwahidi dereva bonasi huku chombo ni kibovu, unampa ahadi ya kukimbia amefungwa miguu.

Ndugu zangu, acheni kuhubiri uaminifu kwa watu mliowawekea mtego. Umemwambia mwanao akiwa wa kwanza darasani unamnunulia baiskeli, halafu unashangaa hamwazimi mwenzake daftari. Umemlipa muuza duka kwa mauzo ya siku, unashangaa amekopesha mtaa mzima. Kabla ya kufukuza mtu, chukua karatasi uandike: akifanya vizuri anapata nini, akifanya vibaya anapoteza nini, na hasara inamwangukia nani. Kama hasara yote ni yako na faida ya uzembe ni yake, huyo utakayemwajiri kesho atakuwa kama wa jana. Andika. Usilifanye kichwani, kichwani utajipendelea.

Hata kwenye kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, tumepita huko. Tulikuwa na faini ya kuchelewa, shilingi 1,000. Zamani mtu akichelewa anaingia kainamisha kichwa, anaomba radhi mpaka kwa mweka hazina. Faini ilipokuja, mtu anaingia saa kumi kasoro, anarusha noti mezani, anavuta kiti, "kaka yenu kalipa." Watafiti Gneezy na Rustichini waliandika mwaka 2000 jambo hilo hilo kuhusu shule za chekechea za Haifa, Israel: wazazi wanaochelewa kuchukua watoto walipoanza kutozwa faini, uchelewaji ukaongezeka, na faini ilipofutwa haukurudi chini. Kwetu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu faini zinaingia kwenye mgao wa mwisho wa mwaka, na wale wanaowahi walikuwa wanafurahi wenzao wakichelewa.

Nikapendekeza tuifute, na badala yake zamu ya kuomba mkopo ifuate daftari la mahudhurio: aliyeandika jina mapema anasikilizwa mapema. Walibisha, wakakubali. Sasa saa tisa kamili benchi limejaa. Mwenyekiti ameshaanza kulalamika kwamba kuna wanachama wanafika kabla yake na kuandika kwenye daftari majina ya mashoga zao ambao bado wako sokoni wanafunga meza, na kikao kijacho ajenda ya kwanza ni nani akae na kalamu.