Maswali na majibu: Ninunue nyumba Shangani, Magomeni au Naliendele?

SWALI

Habari za kazi, mthamini. Mimi ni mhadhiri, nimehamishiwa Mtwara na tumeamua na familia kwamba huku ndiko tutakakozeekea. Mke wangu ni muuguzi hospitali ya Ligula, watoto watatu, wawili wako shule ya msingi. Kwa sasa tumepanga. Madalali wametuonyesha nyumba tatu. Ya kwanza ipo Shangani, ya zamani, kiwanja kikubwa. Hati ipo ila ina jina la mzee aliyefariki, anayeuza ni mwanawe na ana barua ya kikao cha ukoo. Ya pili ipo Magomeni, ina vyumba vitano vya uani vyenye wanafunzi, na mwenye nyumba anasema vitanilipia mkopo wa benki. Ya tatu ni mpya, Naliendele, bei kama nusu ya ile ya Shangani. Dalali anasema kiwanja kimepimwa na mji unahamia huko. Mke wangu yeye moyo wake uko Mikindani. Kwa mtu wa chuo, mtaa gani unafaa?

JIBU

Mwalimu, nianze kwa kukupunguzia wasiwasi mmoja. Umbali wa kazini kwa mji huu usikuumize kichwa. Shangani kwenda Magomeni ni safari fupi ya bajaji, na foleni ya magari hapa watu huisikia redioni. Naliendele na Mikindani ndizo ziko nje, kama kilomita 10 kila moja: Naliendele kwa barabara ya Newala, Mikindani kwa barabara ya Lindi. Mwenye zamu za usiku Ligula aulizwe yeye kwanza kama anaziweza safari hizo.

Kinachozitenganisha nyumba zako ni mambo mengine: nani hasa ana mamlaka ya kukuuzia, na bei uliyotajiwa inalipia kitu kilichopo au kitu kinachosemwa kitakuja. Hilo la pili tumelisomea kwa ada kubwa hapa kusini. Gesi ya baharini ilipoanza kutangazwa mfululizo, miaka ile ya 2012 na 2013, kodi za Shangani zilitajwa kwa dola. Watu walikopa wakajenga ghorofa za kupangisha wageni wa makampuni. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, wageni wengi wakafunga virago, na kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika, kinachokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi, kikabaki kwenye mazungumzo. Nyumba zilibaki na mabango ya "inapangishwa" mpaka rangi ya bango ikapauka. Sasa neno "gesi" midomoni mwa madalali limepokewa na neno "chuo". Ukienda Lindi, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi, utayasikia maneno yale yale kwa sauti ile ile.

Kwa hiyo tuanze na Magomeni, maana hapo ndipo chuo kimetiwa ndani ya bei.

Mwenye nyumba amekupigia hesabu ya miezi 12. Mwanafunzi halali mjini miezi 12. Tuseme kila chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi: vyumba vitano kwa mwaka mzima ni 2,400,000, na hiyo ndiyo namba aliyokupa. Toa likizo ndefu, toa siku za mwanzo wa mwaka ambapo kila mtu anasubiri bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, litoke, toa chumba kimoja ambacho hakikosi kuwa wazi. Ukipata sawa na miezi minane umefanya vizuri. Hiyo ni 1,600,000. Hapo bado hujapaka rangi, hujanyonya choo, hujabadili vitasa, na hujamaliza ugomvi wa umeme kwa wapangaji watano wanaochangia mita moja ya LUKU, ambapo mmoja ana friji na mwingine anapikia jiko la umeme usiku wenzake wamelala. Benki nayo haina likizo. Rejesho la mwezi wa nane ni lile lile la mwezi wa kumi na moja.

Jambo lingine, soko la wanafunzi hapa limegawanyika. Tuna chuo cha Stella Maris tangu 2009, tuna TIA ya uhasibu, vyuo vya ualimu, vya afya, VETA ya ufundi. Wanaotafuta vyumba mtaani ni wale tu ambao chuo hakijawapa bweni. Hosteli moja mpya ikifunguliwa, vyumba vya uani vya mitaa jirani vinalia. Sisemi usinunue Magomeni. Nasema kaa na mwenye nyumba, mwambie unanunua nyumba ya kuishi yenye vyumba vya akiba, na bei ishuke kulingana na hilo. Asiposhusha, mwachie. Na kabla ya kurudi kwake, pita mtaa huo Ijumaa usiku vyuo vikiwa vimefunguliwa, usimame dakika chache nje ya geti. Una watoto wa shule ya msingi. Spika zitakujibu kuliko mimi.

Shangani sasa. Kwa macho ya mthamini hii ndiyo nyumba bora kati ya tatu: mtaa uliopangwa zamani, viwanja vipana, barabara zinaeleweka, Ligula pale karibu. Kasoro yake ipo kwenye karatasi, na ni kubwa.

Barua ya kikao cha ukoo haiuzi nyumba. Kazi yake ni kumpendekeza mtu mbele ya mahakama ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Akishateuliwa, anapeleka uteuzi huo kwa Msajili wa Hati, jina lake linaandikwa kwenye hati kwa cheo hicho cha usimamizi, na hapo ndipo anakuwa na kalamu ya kukuuzia. Mtoto wa marehemu asiye na uteuzi, hata awe mkubwa kuliko wote, hata awe ndiye aliyemuuguza mzee, anachokuuzia ni matumaini.

Huku kwetu ongeza tahadhari moja ambayo ukiwa mgeni unaweza usiijue. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kiasili wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana sauti, na watoto wa dada ya marehemu wanajiona wana haki. Mahakama itaangalia sheria inayohusu mirathi ya marehemu huyo, mara nyingi ya Kiislamu au ya kiserikali, lakini kesi haisubiri kuwa na msingi ndipo ifunguliwe. Mwana anaweza kukuuzia kwa moyo mweupe kabisa, mwaka ukipita akatokea mpwa kutoka Newala na madai yake, ukatumia likizo zako zote kwenye mabenchi ya baraza la ardhi. Kwa hiyo, juu ya uteuzi wa mahakama, taka ridhaa iliyosainiwa na warithi wote mbele ya wakili. Uliza kama mjane yupo, na yupo wapi. Kama anaishi mle ndani, zungumza naye mwenyewe, mkae mkekani, umsikie kwa mdomo wake kwamba anajua nyumba inauzwa na anajua anakwenda kuishi wapi. Nimeona mauzo mengi yakivunjikia kwa mama ambaye hakuna aliyemuuliza. Hata muuzaji anapokuwa hai, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Mpe mwana huyo muda amalize mirathi. Usitoe kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kushikilia nyumba, kwa sasa, hata akikuambia kuna mtu wa Dar es Salaam anakuja kesho na fedha taslimu. Mtu wa Dar huyo hakosekani kwenye mauzo yoyote ya Mtwara.

Nyumba yenyewe ikague kwa sababu ya bahari. Nyumba nyingi za zamani zilizo karibu na pwani zilijengwa kwa mchanga wa ufukweni, na chumvi iliyomo inakula nondo kutoka ndani. Nenda asubuhi, chuchumaa kwenye nguzo za baraza. Ukiona ufa mwembamba ulionyooka kufuata nguzo juu hadi chini, wenye mchirizi wa rangi ya kutu, gonga hapo kwa mpini wa bisibisi. Ikilia wazi, kama gunia halijajaa, zege limeshaachana na nondo. Pita mkono chini ya ukuta kwa ndani: unga mweupe ukishika vidoleni, na rangi inabanduka kama magamba, unyevu na chumvi vinapanda kutoka kwenye msingi. Nyumba iliyopakwa rangi mpya mita moja tu kutoka chini, huku juu ikiwa rangi ya zamani, imekueleza yenyewe. Panda darini pia utazame misumari ya bati. Bati linaweza kung'aa kumbe limebaki kushikwa na kutu. Haya yote yanatengenezeka, lakini yatoke kwenye bei. Na kama kiwanja kinatazama maji, pima: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Naliendele usiikatae kwa sababu ya dalali. Watu wanajenga kweli kweli huko, na hewa yake haina chumvi ya Shangani. Ila neno "kimepimwa" litafutie maana. Kuna kiwanja ambacho watu wamevuta kamba na kuchomeka miti. Kuna kilichomo kwenye urasimishaji, yaani upimaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango, ambao haujafika mwisho. Kuna chenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa lakini mwenyewe hajawahi kuomba hati. Na kuna chenye hati mkononi. Wenye viwanja wote wanne watakuambia kimepimwa, na bei wanataka ya yule wa nne. Kama unategemea mkopo wa benki, ni huyo wa nne tu utakayeongea naye kwa urahisi, maana benki inataka hati ya kuweka rehani. Mlete mpima asome bikoni, yaani mawe ya mipaka, na kulinganisha na ramani. Kwa kuwa Naliendele ina mashamba ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, hakikisha pia mpaka wako haugusi eneo la taasisi yoyote.

Halafu maji. Usiulize "maji yapo?", kwa sababu jibu ni "yapo" siku zote. Omba ankara za miezi sita za mtu wa jirani, na tazama vibaraza vya majirani: kila nyumba ikiwa na simtanki kubwa na mstari wa madumu ya njano, umeshajua ratiba ya mgao. Fika pia mvua zikiwa zimekolea, Januari hadi Machi, uone barabara ya kuingilia. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, mrefu. Nyumba unayoonyeshwa mwezi wa nane vumbi likitimka hujaiona bado. Na hapo mwezi wa pili, fedha ya korosho ikiwa imeshakwisha mifukoni, muuzaji naye huwa msikivu zaidi kuliko mwezi wa kumi na moja.

Mama watoto na Mikindani yake: namuelewa. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe zina ubaridi ambao feni haiwezi kuuleta. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa unataka kukarabatiwa kwa chokaa. Fundi akiupiga plasta ya saruji unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza polepole. Ni mji wa kihistoria, kwa hiyo pia ulizeni manispaa mnaruhusiwa kubadili nini kabla ya kumwita fundi. Kwa familia yenye watoto wadogo na mshahara mmoja unaolipa mkopo, ningeiacha kwanza.

Kwa mpangilio wangu basi: endeleeni kupanga hadi masika yaishe. Shangani iwe ya kwanza iwapo mirathi itakamilika. Naliendele iwe ya pili iwapo hati ipo. Magomeni iwe ya tatu, kwa bei isiyohesabu wanafunzi.

Kuhusu gharama, muuzaji akisema "bei yangu ni ya mkononi", anamaanisha kodi zake ulipe wewe. Kodi ya ongezeko la mtaji ni jukumu la muuzaji, kwa kawaida asilimia 10 ya faida. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 na huo huangukia kwa mnunuzi. Nani analipa nini kiandikwe kwenye mkataba wa mauziano kabla hujatoa hata shilingi. Hakikisha pia pango la ardhi halidaiwi miaka ya nyuma, maana deni hilo linabaki na kiwanja.

Ukienda ofisi ya ardhi ya mkoa kufanya upekuzi, beba namba ya hati, ya kitalu na ya kiwanja, zote zimeandikwa kwenye hati ya Shangani. Kwa ile ya Naliendele mwombe dalali namba hizo leo. Akianza kukuambia njoo kwanza tukuonyeshe mawe, basi nauli ya bajaji iwe juu yake.