Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo diploma yako ya piano

Mwanangu,

Waalaykum salaam, na marahaba. Voisi yako mara ya kwanza niliisikiliza kwenye tuktuk natoka Maweni, kelele nyingi, nikairudia usiku mamako ameshalala. Unauliza kama hiyo diploma ya piano uiahirishe mpaka umalize famasia, manake mwaka huu wa nne labu zimekubana, CAT zinafuatana, na mwalimu wako pale Conservatoire, hicho chuo cha muziki, anataka masaa matatu ya mazoezi kila siku na wewe hata hilo moja unalipata kwa kuliiba. Sawa, nimeelewa. Lakini mambo ya masaa mimi sitayaweza, ya Nairobi yanavyokwenda unayajua wewe. Kuna neno ulilipitisha kule mwisho haraka haraka kama hutaki nilisikie, ulisema "na pengine baba hata si kitu changu kile, nilikiokota tu hotelini." Hilo ndilo lililoninyima usingizi na hilo ndilo n'nalokujibu.

Nani kakwambia si chako?

Ulikuwa mdogo na mengine umehadithiwa tu, basi nikwambie nilivyoyaona mimi. Piano ile ya hoteli nilikofanya kazi ilikuwa ya Kijerumani, ya kusimama, si ile ya mkia, na yule bosi wa kwanza aliileta enzi zile Malindi imejaa Wataliano, wale waliotangulia na San Marco, kile kituo chao cha kurushia roketi kule Ngomeni, na wengine waliofuata jua, akaiweka lounji inayotazama bahari, mahali pabaya kuliko pote hotelini. Mimi nimeingia pale fundi wa mbao, kijana wa Lamu niliyefundishwa nakshi na babu yako, nikapewa kazi ya vitasa na madirisha na vitanda vinavyolia. Siku fundi wa piano alipokuja kutoka Mombasa nikaambiwa nikamshikie tochi. Akaondoa ule ubao wa mbele. Mwanangu, milango ya Lamu nimezaliwa nayo, mfaa mmoja, ule mti wa katikati ya mlango, nimeuona ukichongwa mpaka aliyeuagiza akakaribia kukata tamaa, lakini kile cha ndani mle kilinishika. Nyundo 88 zimepangwa mstari, kila moja imevikwa kichwa cha sufu iliyogandamizwa, nyuma yake nyaya zaidi ya 200, manake noti za juu kila moja ina nyaya tatu, na zile za chini kabisa ni waya mmoja mmoja mnene umezungushiwa shaba. Zote zimevutwa kwenye fremu ya chuma, yule mzee akaniambia ukijumlisha nguvu zinazovuta mle ndani unapata kati ya tani 15 na 20. Na nyuma ya chuma chote hicho kuna ubao mwembamba wa mti wa nchi za baridi, jamii ya msonobari, ndio unaotoa sauti. Nikaugusa kwa kidole nikamwambia mzee, huu unakunywa maji. Akasema ndo sababu mimi naitwa kila msimu.

Ikija mvua na kusi ubao unavimba, nyaya zinakazwa, sauti inapanda, tena haipandi sawa, katikati inapanda zaidi, na kii zinaanza kunata. Kaskazi likikausha, inashuka. Dawa yake kwa pwani hii, akanionyesha, ni kuweka balbu ndogo chini kule ndani iwake usiku na mchana, joto lake linafukuza unyevu. Basi balbu ile ikawa amana yangu, kila nikitoka kazini lazima nipite niinamie nione inawaka.

Na wewe ukitoka chuoni na juzuu yako mkononi unakuja kunisubiri pale, wageni wako ufukweni, lounji tupu, na Nonna, yule bibi wa Kitaliano aliyekufundisha piano, anakuita. Haya unayakumbuka kuliko mimi. Ile minueti ya kwanza aliyokufundisha tuliiita ya Bach miaka yote, mpaka ulipofika Nairobi ukanipigia kuniambia kumbe ni ya mtu anaitwa Petzold. Mimi naiita ya Nonna.

Sasa ule ubao niliokuchongea ujifunzie. Mvua za masika zikianza Nonna anarudi kwao, hoteli inafungwa mpaka msimu, lounji inatiwa kufuli, na wewe mwaka ule ukawa huli. Mamako akasema mnunulie kinanda cha betri pale sokoni, vile vya watoto, kii zake nyembamba kama vijiti. Nikasema hapana, mkono utajifunza uongo. Nikachukua tepu nikaenda kumwomba mlinzi anifungulie nikapima. Oktava moja sentimita 16 na nusu, zote pamoja zinapita kidogo sentimita 122, na kii ukiibonyeza inakwenda chini kama sentimita moja. Zile nyeupe 52 nikazichonga kwa mabaki ya mvule, nyeusi 36 nikapata vipande vya mpingo kwa wachongaji wa Kikamba, na chini ya kila moja nikatia kipande cha tyubu ya baiskeli ili ikibonyezwa irudi juu. Kii moja moja, kwa msasa, mpaka kidole kikipita hakikwaruzi. Sauti haina. Inafanya tok, tok, basi. Bibi yako alipokuja kutoka Lamu akamkuta mjukuu wake amekaa anapiga mbao macho ukutani huku anaguna mdomoni, akaniita pembeni akaniambia huyu mtoto asomewe. Na ukasomewa! Ukatoka hapo ukarudi kwenye ubao.

Msimu ukafunguliwa, Nonna akarudi, ukakaa kwenye piano ya kweli ukaipiga ile minueti mwanzo mpaka mwisho, mikono miwili, hukusimama. Nonna akaniuliza kumbe mnayo piano nyumbani? Nikaenda nikamletea ule ubao. Akaugeuza chini juu, akazikagua zile tyubu, akabonyeza kii za juu kabisa ambazo wewe wala ulikuwa hujazifikia, akasema nimezifanya nzito kidogo, na kwamba hiyo ni heri. Furaha ya siku ile mwanangu mpaka leo nikiikumbuka njiani natembea upesi.

Babu yako alikuwa akisema, kilichoingia mkononi hakitoki. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake wote wa patasi. Mimi naongeza, na si cha mtu mwingine, kikishaingia ni chako.

Ndo maana ile siku ya kifuniko haijanitoka. Najua hupendi niizungumze lakini umenichokoza mwenyewe. Ilikuwa Disemba, hoteli imejaa, meneja mpya, na Nonna alikwambia upige kidogo kabla ya chakula, wageni wamekaa wanasikiliza, wametulia kabisa. Mimi niko juu ya ngazi nafunga feni. Yule bwana akaja kwa hatua zake, wala hakungoja umalize, akashusha kifuniko, wahi wewe kutoa vidole, akasema mbele za watu wote hii si ya watoto wa wafanyakazi. Hukulia. Ulinitazama kule juu. Nikashuka, nikakushika mkono, tukatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wageni, na Nonna alimwambia mambo kwa Kitaliano ambayo nilifurahi sikuyaelewa. Lakini mwanangu yale maneno nahisi hukuyaacha pale. Umeyachukua mpaka Nairobi, na sa hizi lekchara akikwambia piano ni ya kupitisha wakati tu, wewe unasikia kifuniko.

Balbu niliendelea kuiangalia. Kuna walioniuliza kwa nini. Piano haikunikosea kitu.

Alafu hoteli ikafungwa, unajua wageni walivyotoweka miaka ile, umeme ukakatwa, balbu ikazima. Nilikwenda kuuliza waniuzie kwa bei yoyote ya kulipa kidogo kidogo, nikaambiwa ni mali ya kampuni, iko kwenye orodha, haiguswi. Masika mawili makuti yakavuja juu yake. Askari aliniruhusu kuingia siku moja, nikaifungua. Kii zimevimba zimeshikana kama meno, sufu imeliwa na nondo, nyaya nyekundu kwa kutu, na ule ubao wa sauti umepasuka kutoka juu mpaka chini, ufa unapitisha kidole. Wenye orodha ndo walivyoitunza mali yao. Katika piano ile yote leo hii kilichobaki ni kile ulichonacho wewe mkononi, kwengine hakuna, sasa nambie ni cha nani.

Haya. Nirudi kwenye swali lako, manake naona mamako akisoma hii atasema nimekimbia.

Ulinitumia ile habari ya Borodin, yule Mrusi, daktari na profesa wa kemia aliyekuwa akitunga muziki akipata nafasi. Nimeisoma. Nilifurahi, nikasema si ndio huyu hapa, dawa kwa mkono mmoja muziki kwa mkono wa pili, hesabu imekwisha, mwanangu afanye vyote. Alafu nikafika pale inaposema ile opera yake ya Prince Igor aliianza 1869, akafa 1887 hajaimaliza, ikabidi rafiki yake Rimsky-Korsakov na yule kijana Glazunov waimalize wao. Miaka 18! Nikanyamaza. Na yule mwengine, Schumann, aliyekuwa anasoma sheria Leipzig, yeye akaacha sheria akajitupa wote kwenye piano, akauharibu mkono wake wa kulia kwa kutaka mengi upesi, upigaji ukaishia hapo, ikabaki kutunga. Sasa mimi nichukue funzo la nani? Kila mmoja ananivuta kwake.

Na hata neno la babu yako linanigeuka. Kama kilichoingia mkononi hakitoki, basi si ungoje? Malizia famasia, miaka mitano itakwisha, piano haiendi popote. Nimeliwaza hilo kitandani nikaona mbona lina maana. Lakini mimi nilipoacha nakshi kwa ajili ya vitasa vya hoteli, alafu miaka ikapita nikaitwa Shela kule Lamu kuchonga mfaa, mkono ulikumbuka, kweli ulikumbuka, ila ulikuwa unakumbuka polepole, na ule wepesi wa kona za ua, ule wa kukata bila kufikiri, ulichukua muda kurudi na sina hakika umerudi wote. Hakitoki, lakini kinalala. Na hiyo ARSM yenu, hiyo diploma ya piano, umeniambia ni kupiga nusu saa nzima, hakuna skeli hakuna maswali, ni wewe na hizo nyimbo tu, fugi ya Bach na ile nokteni ya Chopin na Beethoven, kitu kama hicho si cha mkono unaoamka usingizini. Kwa upande mwengine mgonjwa anayekuja kwa mfamasia naye hataki mtu aliyelala, dozi ikikosewa ni roho ya mtu. Unaona? Nikishika huku kunateleza kule.

Ami yako nae ana lake, kasema muziki wa nini kwa msichana, amalize dawa afungue duka la dawa pale karibu na soko. Nikamwambia sisi ni watu wa Lamu, maulidi yetu yana matwari, Zein l'Abdin yule mwimbaji katoka kwetu na udi wake dunia ikamsikiliza, usinisimangie mtoto kwa kupiga kitu kwa adabu. Akanyamaza. Duka la dawa lakini si wazo baya, hilo sitamnyima.

Ungeniuliza ulipokuwa na miaka kumi ningekwambia fanya hivi na ungefanya. Sasa unajua kusoma manota ambayo mimi naona ni sisimizi kwenye karatasi, na unajua dawa ipi ikichanganywa na ipi inaua, nikikuamulia n'takuwa nimekuvunjia heshima. Ingawa ninalo jibu. Liko hapa mdomoni, mamako analijua, tangu juzi ananikanya nisilitoe, anasema ukilijua hutachagua tena, utatii tu. Basi silitoi. Ila hilo neno la "kuokota hotelini" sitaki kulisikia tena, si kwangu wala kwa mwengine. Ukiahirisha, ahirisha kama mtu anayeweka kitu chake mwenyewe pahala pake. Ukifanya, fanya.

Ule ubao uko juu ya kabati, nimebadilisha tyubu zilizokauka, mtoto wa jirani ameanza kuupiga piga, sijamkataza.

Asubuhi nimekutumia elfu tatu kwa Mpesa. Za kukodi chumba cha mazoezi au za kile kitabu cha farmakolojia ulichokitaja, utajua mwenyewe. Usinirudishie ujumbe wa kunieleza umezitumia wapi.

Babako