Kabla hujasimama barazani kueleza nyuklia

Safisha maneno kwanza. Hapa Malindi ukisema "makaa" tu, mama aliyekaa mbele anaona jiko lake. Taja "makaa ya mawe" kila mara. Na ukisema "nyuklia", wazee wanasikia bomu. Wajibu kwa kipimo: fueli ya mitambo mingi ina asilimia 3 hadi 5 ya urani-235, ile aina inayopasuka kirahisi, ya bomu hukaribia 90. Mtambo haulipuki kama bomu. Ila ukiishia hapo umewadanganya nusu.

Hatari yenyewe ni joto. Mtambo ukizimwa, atomu huacha kupasuliwa papo hapo, lakini mabaki yaliyomo ndani ya fueli huendelea kutoa joto. Mtambo wa megawati 1,000 za umeme huzalisha kama megawati 3,000 za joto. Dakika unapozimwa bado unatoa kama 200, saa moja baadaye 40 na ushei, kesho yake bado zaidi ya 10. Pampu za maji ya kupoozea zikisimama, maji huchemka hadi kukauka na fueli huyeyuka. Fukushima, Japani, Machi 2011, tetemeko lilikata umeme wa gridi, jenereta za dizeli zikashika kazi, kisha tsunami ikaja kuzizamisha: nyingi zilikuwa katika vyumba vya chini. Mtambo wa Onagawa, huko huko Japani, ulikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko lakini ukasalimika, kwa kuwa ulijengwa juu zaidi.

Basi Uyombo, kule Kilifi palipopendekezwa mtambo wa nyuklia, ikitajwa, acheni "je, ni salama?" Ulizeni jenereta za dharura zitakaa mita ngapi juu ya maji ya bamvua, na dizeli yake ni ya siku ngapi. Tsunami ya Desemba 2004 ilifika mpaka pwani hii.

Kwenye kulinganisha, hesabuni vifo kwa kila terawati-saa (kilowati-saa bilioni moja) ya umeme, ajali na moshi pamoja. Makadirio yanayotumika sana ni haya: makaa ya mawe 24.6, mafuta 18.4, gesi 2.8, mabwawa ya maji 1.3, upepo 0.04, nyuklia 0.03, jua 0.02. Ya nyuklia yamejumuisha Chernobyl na Fukushima, pamoja na waliokufa kwa taabu za kuhamishwa. Mtambo wa megawati 1,000 ukifanya kazi asilimia 90 ya mwaka hutoa terawati-saa 7.9. Zidisha: makaa ya mawe, vifo 194 kwa mwaka, nyuklia, kimoja kwa miaka minne hivi.

Msipeleke hiyo 194 Lamu kama ilivyo. Imetokana na moshi wa Ulaya, penye watu wengi na vichujio vyao. Kwasasi, ambako leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ilifutwa Juni 2019, upepo na idadi ya watu ni vingine. Kosa jingine la wageni wa kazi hii ni kushangilia 0.02 dhidi ya 0.03. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko makosa ya makadirio yenyewe. Kwa vifo, jua, upepo na nyuklia ni ndugu. Wabishanieni kwa gharama, umeme wa usiku, ardhi na taka.

Mvuvi atauliza habari ya samaki, na hapo wengi hugugumia. Katika zile megawati 3,000 za joto, kama 2,000 hazigeuki umeme; huishia baharini pamoja na maji ya kupoozea. Maji yakipashwa nyuzi 10 tu, mtambo utavuta takriban mita za ujazo 50 za maji ya bahari kila sekunde, pamoja na mayai ya samaki yaliyomo.